Sheria ya Idadi ya Wauguzi: Nguvu Yake Imo Katika Vifungu Vidogo

Wauguzi wanapodai sheria, mara nyingi hudai mambo mawili kana kwamba hayahusiani. La kwanza ni idadi: muuguzi mmoja asipangiwe wagonjwa kupita kiasi. La pili ni saa: muuguzi aliyemaliza zamu asilazimishwe kuunganisha nyingine. Kwenye mabunge mengi madai haya huingia kama miswada miwili, hujadiliwa na watu tofauti, na mmoja hupita huku mwingine ukikwama. Wodini ni jambo moja. Nafasi ambayo haikujazwa lazima ibebwe na mtu. Ama walio zamu wagawane wagonjwa wa ziada, ama aliyekuwa anatoka abaki. Sheria ikiziba njia moja na kuiacha nyingine wazi, mzigo unahamia kule kulikoachwa wazi.

Ninaandika nikiwa upande wa sheria hizi. Naamini zinaokoa maisha, ya wagonjwa kwanza na ya wauguzi pia. Lakini ukizisoma moja baada ya nyingine unaona kwamba baadhi zina meno na nyingine zimebaki karatasi, na tofauti hiyo haionekani kwenye vichwa vya habari. Imefichwa kwenye tafsiri ya maneno, kwenye orodha ya wasiohusika, kwenye kifungu cha adhabu. Yeyote anayekwenda kwa mbunge kudai sheria ya namna hii anapaswa kujua vifungu hivyo kuliko anavyoijua kaulimbiu yake.

Kinachotokea usiku mmoja

Chukua wodi ya upasuaji usiku. Muuguzi mmoja, wagonjwa wanane. Saa moja ina dakika sitini, kwa hiyo kila mgonjwa ana dakika saba na nusu, na hapo hajaandika chochote kwenye faili, hajatayarisha dawa, hajapokea simu ya maabara, hajamsindikiza mtu chooni. Mgonjwa wa kitanda cha tano alipasuliwa tumbo mchana. Saa nne usiku mapigo yake ya moyo yalikuwa 92 kwa dakika. Saa sita yamefika 108, presha imeshuka kidogo, mikono imeanza kupoa, na yeye mwenyewe anasema tu kwamba hajisikii vizuri. Hakuna kipimo hata kimoja hapo ambacho peke yake kingemfanya daktari aamke. Anayeweza kutambua kwamba huyu anavuja damu kwa ndani ni mtu aliyemwona saa nne, akapita tena saa tano, akapata nafasi ya kusimama kando ya kitanda na kumtazama. Muuguzi mwenye wagonjwa wanne anayo nafasi hiyo. Mwenye wanane huenda akafika saa nane, mgonjwa ameshapoteza fahamu.

Kazi hii ya kuona mapema ndiyo inayopotea kwanza idadi ya wagonjwa ikipanda. Dawa zitatolewa, dripu zitabadilishwa, kwa kuwa hizo zinaandikwa na zinakaguliwa. Kumtazama mgonjwa hakuna kisanduku chake kwenye fomu.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti uliohusisha hospitali 168 za jimbo hilo na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 232,000. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Mwaka 2014 utafiti wa aina hiyo katika nchi tisa za Ulaya ulitoa karibu takwimu ileile. Waliopinga walisema, kwa haki kabisa, kwamba huenda hospitali zenye wauguzi wengi ni bora kwa sababu nyingine pia: zina fedha, zina vifaa, zina madaktari wazuri. Kulinganisha hospitali hii na ile hakutoshi kuonyesha kwamba sheria itabadilisha kitu.

Jibu zito lilitoka Queensland, Australia. Kuanzia Julai 2016 jimbo hilo liliweka kisheria muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne asubuhi na mchana, na mmoja kwa saba usiku, katika wodi za watu wazima za hospitali zilizotajwa. Si zote zilitajwa, na hilo likawapa watafiti kipimo. Walifuatilia hospitali 27 zilizoguswa na sheria na 28 ambazo hazikuguswa, kabla na baada. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2021. Katika hospitali zilizoguswa, vifo, kurudi hospitalini baada ya kuruhusiwa, na siku za kulazwa vyote vilikuwa na mwelekeo mzuri kuliko kule kwingine. Fedha zilizookolewa kwa wagonjwa kutorudi na kutokaa muda mrefu zilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa. Hoja ya kwamba sheria ya idadi itafilisi hospitali inapaswa kuanza kwa kujibu hesabu hiyo.

Lazima niweke na upande wa pili. California, jimbo la Marekani, ilipoanza kutekeleza sheria yake ya idadi, tafiti za mwanzo zilionyesha idadi ya wauguzi imepanda, lakini kuanguka kwa wagonjwa na vidonda vya kulalia havikupungua kwa namna ya wazi. Massachusetts nayo ilipitisha mwaka 2014 sheria ya vyumba vya wagonjwa mahututi peke yake, muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili. Waliochunguza baadaye hawakuona mabadiliko katika vifo, na sababu mojawapo si ngumu kuielewa: vyumba vingi vya mahututi tayari vilikuwa na idadi hiyo. Sheria inayoamuru kile ambacho tayari kipo haiwezi kuonekana ikifanya kazi. Swali la kwanza la mtetezi liwe hili: wodi ipi iko mbali zaidi na idadi salama? Mara nyingi si ya mahututi. Ni wodi ya kawaida, yenye wagonjwa wa kila namna, ambayo haina mtu wa kuisemea.

Jinsi hiari inavyogeuka lazima

Sasa tuje kwenye saa. Zamu inakaribia kwisha, simu inalia wodini: mwenzako wa usiku haji. Msimamizi anasema baki. Unaweza kukataa? Kwenye mkataba, huenda. Lakini muuguzi ana leseni, na kuwaacha wagonjwa bila kuwakabidhi kwa mtu ni kosa la kitaaluma, kutelekeza wagonjwa. Anayekataa kubaki anaweza kuambiwa kwamba ataripotiwa kwa baraza lililompa leseni. Hapo hiari inakwisha. Anabaki saa nne, au nane, anarudi nyumbani, na baada ya usingizi mfupi anarudi tena. Akilazimishwa mara moja anavumilia. Akilazimishwa kila wiki anaacha kazi, na nafasi aliyoiacha inakuwa sababu ya mwingine kulazimishwa.

Uchovu huu una gharama inayopimika. Mwaka 2004 Ann Rogers na wenzake walichapisha utafiti wa wauguzi 393 nchini Marekani walioandika kila siku saa walizofanya kazi na makosa waliyoyafanya au waliyoponea chupuchupu. Zamu ilipofika saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa kufanya kosa ulikuwa mara tatu. Mwaka huohuo Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza muuguzi asifanye kazi zaidi ya saa 12 katika saa 24, wala zaidi ya saa 60 katika siku saba. Na si wazo geni: Shirika la Kazi Duniani lilishasema mwaka 1977, katika Pendekezo lake namba 157 kuhusu wauguzi, kwamba siku ya kazi pamoja na ovataimu isizidi saa 12. Pendekezo halimbani mtu, na ndiyo maana watu wanarudi bungeni.

Wengi hudhani sheria ya kazi ya kawaida inatosha. Haitoshi. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938, kwa mfano, inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa baada ya saa 40 za wiki. Haimkatazi kumweka mtu mzima kazini saa 60 au 70. Hospitali zimepewa hata utaratibu wao wa pekee wa kuhesabu kwa wiki mbili, saa 80, badala ya wiki moja. Malipo ya ziada yalikusudiwa kuwa breki, lakini kwa hospitali ambayo ingelazimika kuajiri mtu mpya, kumfundisha, kumlipia bima na mafao, mara moja na nusu inaweza kuwa nafuu. Ovataimu inageuka kuwa njia ya kuendesha wodi yenye pengo bila pengo lenyewe kuonekana kwenye vitabu.

Majimbo kadhaa ya Marekani yamepiga marufuku ovataimu ya lazima kwa wauguzi: New Jersey, Pennsylvania, New York na Massachusetts ni miongoni mwao. Usomaji wa sheria hizi unapaswa kuanzia mwisho, kwenye misamaha. Sheria ya New York, iliyoanza kutumika mwaka 2009, inaruhusu muuguzi alazimishwe kubaki kukiwa na janga, kukiwa na dharura iliyotangazwa na serikali, upasuaji au matibabu yakiwa yanaendelea na yeye yumo ndani, au kukitokea dharura ya mgonjwa isiyotarajiwa. Mambo haya yana mantiki. Hakuna anayetaka muuguzi aache kisu tumboni kwa sababu saa imegonga. Hatari iko kwenye hilo la mwisho. Kama hospitali ina nafasi kumi zilizo wazi tangu mwaka jana, je, mtu mmoja kuumwa leo ni jambo lisilotarajiwa? Pennsylvania ililijibu ndani ya sheria yenyewe, kwa kutamka kwamba nafasi zilizo wazi kwa sababu ya uhaba wa kudumu hazihesabiwi kuwa dharura. New York inaitaka hospitali iwe na mpango wa kuziba mapengo na itafute kwanza wa kujitolea, wa muda na wa wakala. Maneno machache ya namna hii yana thamani kuliko kurasa nzima za utangulizi.

Vifungu vingine viwili naviona vya lazima. Kimoja ni kile kinachotamka kwamba kukataa kuvuka saa zilizopangwa hakuwezi peke yake kuwa kutelekeza mgonjwa. New York wanacho, na bila hicho marufuku nzima inashindwa na tishio moja la leseni. Kingine ni mapumziko: Pennsylvania inampa muuguzi aliyelazimishwa kupita saa 12 mfululizo angalau saa 10 za kupumzika kabla ya kurudi. Pasipo kifungu hicho, hata dharura halali inaliwa mara mbili, leo kwa kubaki na kesho kwa kuamka.

Namba moja, maana nyingi

Tukirudi kwenye idadi, watu husikia "mmoja kwa watano" wakadhani wamesikia sheria yote. California ilipitisha sheria yake mwaka 1999, na viwango vikaanza kutumika Januari 2004: vyumba vya mahututi mmoja kwa wawili, wodi za kawaida mmoja kwa sita na baadaye mmoja kwa watano. Kilichoipa nguvu ni kanuni zilizoifuata. Zinakataza waziwazi kutumia wastani, uwe wa zamu, wa wodi au wa mwezi. Muuguzi huyu, usiku huu, asizidishiwe. Zinasema pia kiwango kinatakiwa wakati wote. Hospitali zilikwenda mahakamani zikidai kwamba wakati wote haiwezi kumaanisha hadi dakika za chakula na za kwenda chooni. Mwaka 2004 mahakama ya Sacramento ilisema inamaanisha hivyo hasa: anayekwenda kula lazima ashikiwe wagonjwa wake na mtu ambaye naye hatavuka kiwango. Ukiondoa maneno hayo mawili, kila zamu ina saa nzima au zaidi ambapo sheria haipo.

Queensland wamechukua njia nyingine. Kule hesabu ni ya wodi. Wagonjwa 24 wanahitaji wauguzi sita, na hao sita wanaweza kugawana watakavyo: mmoja akachukua watatu walio hoi, mwingine watano wanaojimudu. Kitaalamu hili ni la busara, kwa sababu wagonjwa hawalingani uzito. Mimi bado naegemea upande wa California, kwa sababu ya nani atathibitisha. Muuguzi mwenye sita mbele yake anaweza kuhesabu na kusema sheria imevunjwa. Anayehesabiwa kwa wodi nzima anahitaji ratiba, orodha ya waliolazwa, na ushirikiano wa msimamizi. Mahali penye chama cha wafanyakazi chenye nguvu, kama Australia, hilo linawezekana. Pasipo nacho, sidhani.

Hata kuzungusha namba ni siasa. Victoria, jimbo jingine la Australia, lilikuwa na viwango tangu mwaka 2000 kupitia uamuzi wa usuluhishi wa kazi, kisha likaviweka kwenye sheria mwaka 2015. Sheria hiyo iliruhusu hesabu isiyogawanyika sawasawa izungushwe kushuka. Wodi ya wagonjwa 21 kwa mmoja kwa wanne inahitaji wauguzi watano na robo. Ile robo ilitupwa, na mgonjwa wa ishirini na moja akagawanywa kwa watano ambao tayari walikuwa wamejaa. Marekebisho ya mwaka 2019 ndiyo yaliyoanza kuufuta utaratibu huo.

Halafu kuna swali la nani ni muuguzi kwenye hesabu. California inaruhusu hadi nusu ya wanaohesabiwa katika wodi nyingi wawe wauguzi wa leseni ya ngazi ya chini. Msimamizi wa wodi hahesabiwi isipokuwa kama anahudumia wagonjwa kweli. Hili la pili linaonekana dogo hadi umwone msimamizi aliye kwenye orodha kama muuguzi wa saba, huku siku nzima yuko kwenye simu akitafuta vitanda na kujibu malalamiko. Ilihofiwa pia kwamba hospitali zingefukuza wahudumu wasaidizi ili zilipe wauguzi, au zingejaza namba kwa wenye sifa ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba sehemu ya wauguzi waliosajiliwa, yaani wa ngazi ya juu, haikushuka California. Hata hivyo naona ni vema sheria izuie kuwapunguza wahudumu, maana muuguzi mwenye wagonjwa watano anayefua, anayebeba chakula na anayesukuma machela hana tena watano.

Si kila mahali wamekwenda kwa namba. Wales, kwa sheria ya mwaka 2016, iliweka wajibu wa kukokotoa: kila wodi inayohusika ihesabiwe kwa kuunganisha uzito wa wagonjwa, viashiria kama vidonda na makosa ya dawa, na uamuzi wa kitaaluma wa muuguzi aliyeteuliwa, na bodi ichukue hatua zote zinazofaa kuitimiza idadi hiyo. Scotland ilifuata na sheria ya mwaka 2019, iliyoanza kutekelezwa Aprili 2024. Majimbo mengine ya Marekani yaliunda kamati za ikama, za kupanga idadi ya wafanyakazi, ndani ya hospitali, ambazo nusu ya wajumbe au zaidi ni wauguzi wa wodini. Kamati inasikika vizuri, na katika hospitali yenye uongozi mwema inafanya kazi. Udhaifu wake ni pale wauguzi na uongozi wasipokubaliana. Kama neno la mwisho ni la mkurugenzi, kamati inabaki sanduku la maoni. Oregon, baada ya miaka mingi ya kamati, iliishia kuweka viwango vya namba kwenye sheria mwaka 2023.

Na adhabu. California, inayosifiwa kote, ilikaa hadi mwaka 2019 ndipo ikapitisha faini mahususi za kuvunja viwango: dola 15,000 kwa kosa la kwanza na 30,000 kwa yanayofuata. New York nayo iliongeza faini za ovataimu ya lazima mwaka 2023, miaka 14 baada ya marufuku yenyewe kuanza, zikianzia dola 1,000. Kwa hospitali kubwa hizo za New York ni fedha ndogo, lakini kila faini inaacha rekodi, na rekodi inaweza kusomwa na gazeti, na mgonjwa, na wakili. Muswada usiosema nani anakagua, bila taarifa ya awali, na nini kinafuata, urudishwe mezani kabla haujashangiliwa.

Pale sheria inapokataliwa

Novemba 2018 wapiga kura wa Massachusetts waliulizwa moja kwa moja kama wanataka viwango vya wauguzi katika hospitali zote. Takriban asilimia 70 walisema hapana. Kushindwa huko kunafundisha kuliko ushindi mwingi. Viwango vilitakiwa kuanza Januari 2019, chini ya miezi miwili baada ya kura. Faini ingefika dola 25,000 kwa kila ukiukaji. Tume ya sera za afya ya jimbo ilikadiria gharama kati ya dola milioni 676 na 949 kwa mwaka, namba ambazo waungaji mkono walizipinga bila kufanikiwa kuzifuta vichwani mwa watu. Na wauguzi wenyewe waligawanyika: chama cha wafanyakazi kiliunga mkono, tawi la chama cha kitaaluma likapinga. Mpiga kura aliyewaona wauguzi wawili wenye sare moja wakisema mambo mawili tofauti kwenye televisheni alichagua kubaki alipo.

Hoja iliyowagusa wengi ilikuwa ile inayorudi kila mahali: wauguzi hawapo, mtawatoa wapi? Ni hoja ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8. Sheria haizalishi muuguzi. Hospitali isiyoweza kuwapata italazimika kufunga vitanda, na mgonjwa atasubiri mapokezi. Lakini mgonjwa yule anayesubiri mapokezi anaonekana. Waziri anaulizwa, bajeti inajadiliwa. Aliyelazwa kwenye wodi ya mmoja kwa kumi anaonekana amehudumiwa hadi siku anapokufa. Uhaba ni uleule. Sheria inaubadilisha mahali unapokaa. Vilevile, sehemu ya uhaba huo ni ya watu wenye leseni waliochoka wakaondoka wodini. Victoria ilipoweka viwango mwaka 2000, wapo waliorudi. Ndiyo sababu naona muswada mzuri uende kwa hatua, wodi zilizo hoi kwanza, ukiwa na tarehe zilizoandikwa, na hospitali ndogo za mbali zipewe muda mrefu zaidi bila kupewa msamaha wa kudumu.

Kwa anayekwenda kuutetea, takwimu za dunia hazitamshinda mkurugenzi wa hospitali anayejua wodi zake. Kinachomshinda ni ratiba ya mwezi mmoja ya wodi moja: idadi iliyopangwa, idadi iliyofika, idadi ya wagonjwa, na kila zamu iliyounganishwa, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Katika baadhi ya nchi vyama hutumia fomu ambayo muuguzi hujaza anapopokea wagonjwa wengi kuliko anavyoona ni salama. Anawahudumia, lakini anaandika kwamba alitoa taarifa, saa ngapi, kwa nani. Fomu moja ni lalamiko. Fomu za mwaka mzima kutoka wodi ileile ni ushahidi ambao kamati ya bunge haiwezi kuupuuza kirahisi. Kwa hiyo muswada uwe na kinga kwa anayeandika fomu hizo, na kinga hiyo itaje kufukuzwa, kuhamishwa na kunyimwa zamu, kwa sababu mara nyingi adhabu huja kwa njia ya ratiba.

Jambo la mwisho la kulinda ni kifungu cha dharura, kwa kuwa kila mtu anakikubali bila kukisoma. Mwishoni mwa 2004 Gavana Arnold Schwarzenegger alitumia kanuni za dharura kusimamisha hatua ya mmoja kwa watano. Chama cha wauguzi wa California kilikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata jaji akaamua kwamba gavana hakuwa na mamlaka hayo. Desemba 2020, korona ikiwa imefurika, jimbo liliruhusu vyumba vya mahututi viende hadi mmoja kwa watatu, na mapema Februari 2021 ruhusa hizo za haraka zikakoma. Safari hii dharura ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na mwisho. Kifungu kinachoandikwa leo kitaje anayeweza kutangaza dharura, siku ambazo tangazo hilo litadumu kabla ya kufa lenyewe, na hospitali ionyeshe kwa maandishi nani ilimpigia simu kabla ya kumwambia muuguzi abaki.